Kazini unaweza, kwenye maswali unakwama: jibu kwa muuguzi anayejiandaa na CCRN

SWALI

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi wa ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) ya watu wazima hapa Marekani, mwaka wa nne sasa, zamu za usiku. Nimejiandikisha kufanya mtihani wa CCRN, ule wa cheti cha wauguzi wa wagonjwa mahututi, na zimebaki wiki 7. Nimeshafanya maswali ya mazoezi zaidi ya 1,200 lakini alama zangu zimegota kwenye asilimia 60 na ushee, hazipandi wala hazishuki. Kinachoniuma ni kwamba kazini mgonjwa akibadilika mimi ndiye ninayeitwa, ila nikikaa mbele ya maswali nakuwa kama mtu ambaye hajawahi kukanyaga wodini. Wenzangu wananiambia nirudie maswali mpaka yakae kichwani. Niendelee hivyo, au niahirishe mtihani?"

JIBU

Marahaba, dada. Nimelisoma swali lako mara mbili, kwa sababu ndilo ninaloulizwa na wauguzi wazuri kuliko wote ninaowafundisha. Nianze na la mwisho: usiahirishe kwa sasa. Ila hiyo njia ya kurudia maswali mpaka yakae kichwani, iache leo.

Maswali 1,200 ni sawa na mitihani mizima 8, maana CCRN ina maswali 150. Mtu aliyefanya mitihani 8 na alama zikabaki pale pale hana haja ya kuanza wa tisa. Anachohitaji ni kukaa na ile 8 aone inamwambia nini. Ukirudia swali ulilokwisha kuliona, kichwa kinakumbuka kwamba jibu lilikuwa "C", unafurahi, na hujajifunza kitu. Siku ya mtihani mgonjwa atakuja na umri mwingine, presha nyingine, na "C" itakuwa mtego.

Kwa hiyo chukua maswali yako 100 ya mwisho. Toa yale uliyokosa tu. Kwa kila moja andika kwa mkono, kwenye daftari, kwa nini ulikosa, na uwe mkweli. Utaona makosa yanaangukia mafungu matatu. La kwanza: sikujua. La pili: nilijua lakini sikusoma vizuri, nikapita juu ya neno "kwanza" au sikuona kwamba mgonjwa ana tatizo la figo. La tatu: nilijua, nikasoma vizuri, nikajibu kama tunavyofanya wodini kwetu. Hilo la tatu ndilo linalowaangusha wauguzi wenye uzoefu kama wewe, na hakuna anayewaambia. Nilipojiandaa mimi, nilikuwa nimeshajiaminisha kwamba shida yangu ni kutojua. Daftari likanionyesha kwamba zaidi ya nusu ya makosa yangu yalikuwa ya desturi.

Tazama mfano huu, nimeuandika kwa ajili yako. Mgonjwa wa miaka 61 ana maumivu ya kifua. ECG, kipimo cha umeme wa moyo, inaonyesha ST imepanda kwenye II, III na aVF. Presha 84/50, mapigo 64. Mishipa ya shingo imevimba. Mapafu ukiyasikiliza ni safi. Utaanza na lipi: naitrogliserini chini ya ulimi, furosemaidi ya mshipa, mofini, au dripu ya maji ya chumvi mililita 500?

Mkono wa muuguzi wa ICU unaenda kwenye naitrogliserini kabla hajamaliza kusoma, kwa sababu kila siku maumivu ya kifua ndivyo yanavyoanza kutibiwa. Anayesoma kidogo zaidi anaona shingo imevimba, anasema "huyu amejaa maji," anachagua furosemaidi. Wote wawili wamemdhuru mgonjwa. ST kupanda kwenye II, III na aVF kunasema shambulio liko sehemu ya chini ya moyo, na mara nyingi ateri inayolisha hapo ndiyo inayolisha ventrikali ya kulia, chumba kinachosukuma damu kwenda mapafuni. Ventrikali ya kulia ikizimia, damu inajikusanya nyuma yake, ndiyo maana shingo imevimba, na haifiki mapafuni, ndiyo maana mapafu ni safi na upande wa kushoto hauna cha kusukuma. Moyo huu unaishi kwa kile kinachorudi kutoka kwenye mishipa. Naitrogliserini na mofini zinailegeza mishipa, furosemaidi inamwaga maji kupitia mkojo; zote zinamnyang'anya kile kidogo alichobaki nacho. Jibu ni dripu. Kisha unaomba ECG ya upande wa kulia, uitazame V4R, sehemu inayoonyesha ventrikali ya kulia.

Sasa angalia: hakuna hata kimoja hapo ambacho hukukijua. Kitandani ungemwona mgonjwa ameshuka, ungesita. Kwenye karatasi hakuna uso wa mgonjwa wa kukusitisha, kuna namba tu, na namba hujazizoea zikiwa peke yake. Hiyo ndiyo tofauti kati yako wa kazini na wewe wa kwenye maswali. Kazini jicho lako linafanya kazi ambayo hukumbuki hata kwamba linaifanya. Mtihani unakutaka uifanye kwa sauti.

Hapa nakuomba ufanye jambo moja ambalo huenda litakushangaza: jieleze kwa Kiswahili. Mtihani ni wa Kiingereza, sawa, utajibu kwa Kiingereza. Lakini wengi wetu tumejifunza mambo haya kwa Kiingereza cha kukariri, na maneno yanateleza kwenye ulimi bila kugusa akili. Ukilazimika kumweleza mama yako mzazi kwa nini mgonjwa mwenye shingo iliyovimba anaongezewa maji, huwezi kujificha nyuma ya istilahi. Ukiweza kumwelezea akaelewa, umeelewa na wewe.

Tuchukue mshtuko (shock), yaani hali ya damu kutofika mwilini ya kutosha, maana ndio unaorudi kila mahali katika mtihani huu, kwenye moyo, kwenye maambukizi, kwenye damu inayovuja tumboni. Kwa Kiswahili ni mambo matatu: pampu, mabomba na maji. Pampu ni moyo, na kazi yake inasomwa kwenye CO, kiasi cha damu inachosukuma kwa dakika. Kawaida ni lita 4 hadi 8. Mabomba ni mishipa, na kubana kwake kunasomwa kwenye SVR. Kawaida ni 800 hadi 1,200. Maji ni kile kinachorudi kujaza moyo, kinasomwa kwenye CVP upande wa kulia, kawaida 2 hadi 6, na kwenye PAOP upande wa kushoto, kawaida 8 hadi 12. SVR huhitaji kuikariri kama namba iliyoshuka kutoka mbinguni: unatoa CVP kwenye MAP, yaani wastani wa presha ya ateri, unagawa kwa CO, unazidisha kwa 80.

Wagonjwa wawili. Wa kwanza: MAP 62, CVP 14, CO 2.4. Toa 14 kwenye 62, unapata 48; gawa kwa 2.4, unapata 20. Zidisha kwa 80, SVR ni 1,600. Wa pili: MAP 57, CVP 1, CO 2.8. Toa 1, unapata 56; gawa kwa 2.8, unapata 20. Zidisha, SVR ni 1,600. Ile ile. Wote wawili mikono ni ya baridi, wote mapigo yanakimbia, wote mkojo umekauka, wote CO iko chini na mabomba yamebana kwa nguvu sawa. Ukikariri kwamba "SVR ikipanda na CO ikishuka ni moyo," umempoteza wa pili. Kinachowatenganisha ni maji tu. Wa kwanza amejaa na pampu imeshindwa kuyasukuma: huyu anataka kusaidiwa pampu, kwa dobutamini kwa mfano, na ukimmwagia maji unamzamisha. Wa pili tangi ni tupu: anataka maji au damu, na ukimpa dawa ya kusukuma moyo unachapa punda asiye na mzigo.

Ongeza wa tatu: MAP 55, CVP 4, CO 8.5. Toa, gawa, unapata 6. Zidisha, SVR ni 480. Pampu inakimbia kuliko kawaida, mabomba yamelegea kabisa. Huyo ni wa sepsisi, mshtuko wa maambukizi. Miongozo inasema mililita 30 kwa kila kilo ndani ya saa 3 za mwanzo, noradrenalini ndiyo dawa ya kwanza ya kubana mishipa, na MAP unayoilenga ni 65.

Nimekaa sana hapa kwa makusudi. Katheta ya ateri ya mapafu, ile yenye puto ambayo Swan na Ganz waliieleza mwaka 1970, siku hizi haionekani sana katika ICU nyingi, na inawezekana miaka yako yote minne umeishika mara chache mno. Lakini mawazo yaliyozaliwa nayo bado yanaulizwa, na ukiwa na pampu, mabomba na maji huogopi swali lolote la mshtuko. Tengeneza wagonjwa wako mwenyewe. Chagua MAP, chagua CVP, chagua CO, piga hesabu, kisha jiulize huyu ni nani na anataka nini. Fanya watano kila siku kwa wiki mbili za kwanza. Ni dakika 15 tu.

Mapafu ni ya pili kwa umuhimu, na huko kosa la desturi ni uzito. Mwanamke mwenye ARDS, mapafu yaliyojeruhiwa vibaya na kujaa maji, ana urefu wa sentimita 160 na uzito wa kilo 90. Swali linakuuliza ujazo wa kila pumzi kwenye mashine. Mazoea yanazidisha 6 kwa 90, yanapata mililita 540. Lakini mapafu hayanenepi mtu anaponenepa. Uzito unaotumika unakadiriwa kwa urefu: kwa mwanamke ni 45.5, kisha unaongeza 0.91 kwa kila sentimita iliyozidi 152.4, kwa mwanamume unaanzia 50. Kwake inatoka kilo 52 na kitu, na mara 6 ni kama mililita 315. Zile 540 zingekuwa zaidi ya mililita 10 kwa kilo. Utafiti mkubwa wa ARDS Network wa mwaka 2000 ulilinganisha mililita 12 na 6, na vifo vikashuka kutoka asilimia 39.8 hadi 31. Nakutajia hiyo si kwa sababu wataiuliza, bali ujue kwamba kosa la hesabu hii ni kosa la uhai. Shinikizo la plato, yaani la ndani ya mapafu pumzi ikishikiliwa kidogo, lisizidi 30. Ukiwa na hayo, soma gesi za damu mpaka uzisome kama unavyosoma saa.

Mifumo mingine nitaipita haraka, maana ukiisoma kwa jozi inakaa yenyewe. DI na SIADH, magonjwa mawili ya homoni inayotunza maji mwilini: mmoja anamwaga maji na sodiamu inapanda, mwingine anayazuia na sodiamu inashuka. Mgonjwa wa DKA, dharura ya kisukari: potasiamu ya kwenye damu inakudanganya iko sawa wakati mwili mzima umepungukiwa nayo, na insulini itaisukuma ndani ya seli, kwa hiyo unaiangalia kabla ya insulini. Ubongo: toa ICP, shinikizo la ndani ya fuvu, kwenye MAP, upate shinikizo linalopeleka damu kwenye ubongo; MAP 70 na ICP 25 ni 45, na ubongo huo una njaa ya damu hata kama MAP peke yake inaonekana nzuri. Heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na chembe sahani zilizoanguka kwa nusu kati ya siku ya 5 na ya 10: simamisha heparini yote, hata ile ya kusafishia mrija.

Sasa sehemu ambayo karibu kila mtu anaidharau. Sehemu moja ya tano ya mtihani si ugonjwa kabisa. Ni maadili, utetezi wa mgonjwa, kushirikiana na wenzako, kufundisha, kuheshimu tofauti za watu; yote yamejengwa juu ya kile AACN, chama cha wauguzi wa wagonjwa mahututi Marekani, wanachokiita Synergy Model, wazo kwamba uwezo wa muuguzi ulingane na mahitaji ya mgonjwa huyu, leo. Wauguzi wanasema "hayo ni ya akili ya kawaida" na hawayasomi. Huko ndiko desturi ya wodi inakoharibu kuliko popote.

Mgonjwa moyo umesimama, mnaanza kumfufua, mke wake anaomba abaki chumbani. Wodi nyingi humsindikiza nje kwa upole. Msimamo wa AACN ni kwamba familia ipewe nafasi ya kuwepo, akiwepo mtumishi mmoja ambaye kazi yake ni kuwa naye na kumweleza kinachoendelea. Mfano wa pili unakugusa wewe moja kwa moja. Mgonjwa hajui Kiingereza, daktari anataka ridhaa ya upasuaji, mtoto wake mkubwa yuko pale na anaongea lugha zote mbili. Jibu ni mkalimani aliyefunzwa. Najua kazini umeshaitwa mara ngapi ukatafsiri kwa sababu tu unaijua lugha, na umefanya kwa moyo mwema. Kwenye mtihani, na kusema kweli hata kazini, kujua lugha hakumfanyi mtu kuwa mkalimani wa ridhaa.

Unapojibu maswali hayo, jiweke katika hospitali yenye watumishi wa kutosha, vifaa vyote na muda. Usijibu ukiwa na usiku wako wa jana kichwani, uliokuwa na wagonjwa watatu na mwenzako mmoja mgonjwa. Mtihani unauliza kinachostahili kufanywa.

Kuhusu namna ya kusoma. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi maandishi. Wengine wakayasoma tena, wengine wakajaribu kuyakumbuka bila kuyaangalia. Baada ya dakika 5 waliosoma tena walikuwa mbele. Baada ya wiki moja waliojaribu kukumbuka walikuwa na asilimia 56, waliosoma tena 42. Ndiyo sababu kupitia maelezo kwa kalamu ya rangi kunakupa raha jioni na aibu Jumamosi. Funga kitabu, andika unachokumbuka kuhusu mshtuko kwenye karatasi tupu, kisha fungua uone ulichoacha. Kinauma. Fanya hivyo hivyo kwa maswali: kabla hujatazama majibu manne, funika, jibu kwa maneno yako, ndipo ufunue utafute linalofanana. Hilo peke yake litakuondolea sehemu ya makosa ya fungu la pili.

Maswali 25 ya siku kwa njia hiyo yanatosha kabisa, ukitumia muda mrefu kwenye uliyokosa kuliko kwenye kuyafanya. Usisome ukitoka zamu. Saa mbili asubuhi baada ya usiku wa wagonjwa wazito, kichwa hakipokei kitu. Lala, soma ukiamka, na siku za mapumziko weka mambo magumu mwanzoni. Wiki ya 5 fanya mtihani mzima: maswali 150 kwa saa 3, bila simu, saa ile ile uliyopangiwa. Hiyo inakupa sekunde 72 kwa swali. Likikushinda, chagua moja, liwekee alama, songa mbele. Maswali 25 kati ya 150 hayahesabiwi, yanajaribiwa tu kwa ajili ya mitihani ijayo, na huwezi kuyatambua. Kwa hiyo ukikutana na swali la ajabu usiliruhusu likule dakika tano na ujasiri wako wa maswali kumi yanayofuata.

Alama za mtihani huo wa wiki ya 5 ndizo zitakazojibu swali lako la kuahirisha. Usitazame jumla peke yake, tazama mafungu kwenye daftari. Kama makosa ya desturi yamepungua na yaliyobaki ni ya kutojua mambo machache unayoweza kuyataja kwa majina, nenda ukafanye. Kama fungu la tatu bado ni kubwa, sogeza tarehe kwa mwezi mmoja, kwa amani. Ukisogeza, chunga saa zako: njia ya miaka 2 ya kustahili kufanya mtihani inataka saa 1,750 za kuhudumia wagonjwa mahututi, na 875 kati ya hizo ziwe za mwaka wa karibuni. Kwa mtu wa zamu kamili kama wewe si tatizo, ila nimeona wauguzi waliopunguza zamu ili wasome wakajikuta wamepungukiwa.

Jambo la mwisho uanze nalo zamu yako ijayo. Ukishapokea wagonjwa, kabla hujafungua maagizo ya daktari, mchukue mmoja. Tazama monita, mkojo, mikono yake, gesi zake. Kwenye kipande cha karatasi jibu matatu kwa Kiswahili: pampu ikoje, mabomba yakoje, maji yakoje. Andika ungempa nini na kwa nini. Ndipo ufungue maagizo. Mkitofautiana na daktari, muulize akiwa na nafasi. Wengi wanapenda kuulizwa swali la namna hiyo saa tisa usiku kuliko unavyodhani. Hakikisha karatasi haina jina la mgonjwa, na ichane kabla hujatoka. Ukifika wiki ya 3, niandikie mafungu yako matatu yamesimama vipi.